Linakula Nini? Gari la Umeme Lililotaka Kututenganisha

Msomaji wangu, leo naomba nijianike mwenyewe. Mimi ndiye ninayekaa hapa kila mwezi nikihariri makala za wenzangu zinazosema "wapenzi, zungumzeni", na shahada ya mawasiliano ninayo, imetundikwa sebuleni. Lakini mwanzoni mwa 2024 nilitikisa kichwa nikakubali akiba yetu ya miaka mitano iende kwenye kitu ambacho sikukielewa hata chembe. Na aliyekuwa ananielezea, nilikuja kugundua baadaye, naye alikuwa haelewi. Tulikuwa wawili gizani, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye ameshika tochi.

Ndoa yetu ni ya Ijumaa. Kazi yangu iko Arusha, mume wangu ni mtumishi Katesh, wilayani Hanang, chini kabisa ya ule mlima. Kwao ni Dongobesh, upande wa Mbulu, kule juu kwenye baridi na vitunguu swaumu. Kutoka kwangu mpaka kwake ni kama kilomita 245: Makuyuni, Minjingu, Magugu, Babati, Endasak, ndipo unauona Mlima Hanang umekukalia mbele kama mama mkwe aliyenuna. Miaka yote hiyo tuliendeshana na mabasi. Ijumaa hii anakuja yeye, Ijumaa ijayo naenda mimi, na ukichelewa basi wikiendi yenyewe ndiyo imekwisha.

Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Mvua ilinyesha, mlima ukaachia, na tope, mawe na magogo vikashuka mpaka Katesh mjini na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mimi niko Arusha, nimeamka napiga simu, haipatikani. Napiga tena, haipatikani. Picha zinazunguka kwenye simu za watu, nazitazama moja moja, nakuza sura za watu waliosimama kwenye matope nikitafuta shati ninalolijua. Saa kumi jioni ikaingia namba ngeni. "Mke wangu, mimi mzima. Simu imezima, hakuna umeme." Nikalia mpaka mwenye simu akaomba simu yake.

Nilifika Katesh siku ya tatu, kwa kuunga unga usafiri. Usiku huo tukakubaliana: ile akiba ya kiwanja inunue gari. Si kwa sifa, jamani. Nilitaka tu siku nyingine simu ikikataa, niwe na ufunguo mkononi.

Wiki chache baadaye akanitumia picha. Nissan Leaf, bluu, safi kama yai, kutoka Japani. Ujumbe wake nauhifadhi hadi leo: "Gari la umeme mama. Petroli kwaheri." Bei ilikuwa chini kuliko tulivyotegemea, ikabaki hela ya kulitoa bandarini na chenji juu. Nikajibu, "Sawa mpenzi, wewe ndiye unayejua." Unaliona hilo neno? Mke akisema "wewe ndiye unayejua", mara nyingi anamaanisha "sitaki kuonekana sijui". Na mume naye anayeambiwa hivyo hawezi tena kurudi nyuma. Muuzaji alikuwa anataka malipo ya kwanza Jumatatu.

Jumamosi tukapanda Dongobesh kuwaaga wazee, maana kwao jambo kubwa halifanywi kimya kimya. Baba mkwe akatusikiliza hadi mwisho, kikombe cha chai mkononi. Huyu ni mzee aliyelima kwa ng'ombe, akalima kwa trekta, na kila chombo kilichopita mikononi mwake anakikumbuka kwa ulaji wake. Akauliza:

"Linakula nini?"

"Umeme, baba," mume wangu akajibu, kifua mbele.

"Linakula wapi?"

"Nyumbani, baba. Usiku."

"Nyumbani kwako ni Katesh. Kwa mkwe wangu ni Arusha. Katikati hapo linakula wapi?"

Kimya. Nikamtazama mume wangu, naye akanitazama mimi, na hapo ndipo kila mmoja wetu alipojua kwamba mwenzake hajui. Jumatatu haikulipwa kitu.

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzoni. Nikasoma, nikapiga simu kwa mafundi, nikamsumbua mwenzangu mmoja wa kazini mwenye haibridi mpaka akanikimbia. Na swali la mzee ndilo lililonipa mwanga, maana magari haya yanachanganya watu kwa majina tu. Uliza linakula nini na linakula wapi, mengine yote yatajipanga.

Nianze na hilo Leaf letu. Hili ni la umeme mtupu. Halina injini, halina tangi, halina ekzosi. Lina betri kubwa chini ya sakafu na mota inayozungusha magurudumu, basi. Lilianza kuuzwa Desemba 2010, na yale ya mwanzo, ambayo ndiyo yenye bei ya kuvutia, yana betri ya kilowati-saa 24. Usiogope neno hilo. Kilowati-saa moja ni ile ile uniti moja ya LUKU unayonunua kwa simu. Kwa hiyo ni betri ya uniti 24. Uniti moja inakupeleka kilomita sita au saba ukiendesha kistaarabu. Likiwa jipya utapata kilomita 130 au 140 hivi. Lakini halikuwa jipya! Betri za magari haya huchoka, na za Leaf la zamani hazina mfumo wa maji wa kuzipooza, hivyo joto huziumiza haraka. Kwenye dashibodi, pembeni, kuna vistari vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri, tofauti na vile vinavyoonyesha chaji. Nikakuza picha ya muuzaji kama nilivyokuza zile za Katesh. Vilikuwa tisa. Maana yake zaidi ya robo ya uwezo ilishakwenda na maji. Gari lile lingetembea kama kilomita 100 kwa chaji moja.

Sasa piga hesabu nami. Arusha hadi Makuyuni ni karibu kilomita 80. Minjingu ungefika kwa kudra ya Mungu. Hapo umesimama, mbele yako mbuyu, nyuma yako mbuyu, unatafuta soketi. Na hata ukimpata msamaria mwenye soketi, ya kawaida ya ukutani hutoa kama uniti tatu kwa saa, kwa hiyo utamkalia hapo saa sita au saba. Ile Ijumaa yetu ingefika Jumapili. Vituo vya kuchajia haraka vipo duniani, lakini katika safari zangu zote za njia ile mimi sijakutana na hata kimoja.

Lakini tusilitukane gari la watu, kosa halikuwa lake. Kwa bei ya uniti niliyokuwa nalipa mimi Arusha, shilingi 356 na senti kidogo, kilomita 245 zingekula umeme wa kama shilingi 13,500. Petroli haiwezi kufika hapo hata kwa maombi. Mtu anayeishi Katesh na kufanya kazi Katesh, ana nyumba yenye mita yake, anazunguka kilomita 20 kwa siku, huyo anakula uniti tatu na anacheka njia nzima. Hata magari ya utalii kwetu Arusha yameanza kuwa ya umeme. Mount Kilimanjaro Safari Club walianza na Land Cruiser ya umeme 2018, na mantiki yake naielewa: gari la safari linatoka kambini asubuhi, linatambaa polepole likitazama simba, jioni linarudi pale pale lilipolala. Linajua linakula wapi. Sisi hatukujua.

Kundi la pili ndilo linalowachanganya wengi, haibridi ya kawaida. Toyota Prius, Toyota Aqua, Harrier zile zenye nembo ya bluu. Zina injini ya petroli na mota ya umeme, zote mbili zinaweza kusukuma gari, na kompyuta ndiyo inayoamua nani afanye kazi. Hazina pa kuchomekea waya. Hapo ndipo wauzaji wanapotupiga changa la macho, "linajichaji lenyewe". Mpenzi msomaji, hakuna kinachojichaji chenyewe duniani. Umeme wote ule unatokana na petroli uliyoinunua, pamoja na ile nguvu ya mwendo ambayo gari la kawaida huitupa kama joto kwenye breki. Haibridi inaiokota. Ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha chaji kwenye betri. Ndiyo maana kwenye foleni magari haya ni watakatifu: mwanzo wa mwendo linakwenda na umeme, ukisimama injini inazima, ukipunguza mwendo linaokota. Lakini betri yenyewe ni ndogo. Ya Prius tuliyokuja kuinunua ni kama uniti moja na kitu, dhidi ya 24 za Leaf. Kwa umeme peke yake inakwenda kilomita moja au mbili, kisha injini inaamka.

Kuna na wadogo zao, haibridi nyepesi, mfano Nissan Serena zilizoandikwa S-Hybrid. Hapo mota ni msaidizi tu wa injini, kama mtoto anayeshika mkia wa mfuko wakati mama anabeba. Haiwezi kuliendesha gari peke yake, na akiba ya mafuta ni ya kawaida. Usilipie bei ya Prius kwa sababu ya nembo.

Halafu kuna Nissan Note e-Power, iliyotoka 2016, hii ilinichekesha. Magurudumu yanazungushwa na mota ya umeme tu, kama Leaf, lakini hakuna pa kuchomeka; chini ya boneti kuna injini ya petroli ambayo kazi yake ni kuzalisha umeme. Yaani unatembea na jenereta lako. Ni tamu mjini, inavuta bila kelele, lakini sheli utakwenda kama mwenzio.

Na kuna haibridi ya kuchomeka, mfano Mitsubishi Outlander PHEV, iliyoanza 2013 ikiwa na betri ya uniti 12. Hii inakula kote kuwili: unaichaji usiku, unazunguka nayo mjini kwa umeme kilomita 30 au 40, na safari ikiwa ndefu injini ya petroli inapokea. Nikwambie ukweli, kwa maisha yetu hii ndiyo ilikuwa jibu. Ila bei yake ilitutazama, tukaangalia pembeni. Yale ya haidrojeni kama Toyota Mirai nayaruka. Mtungi wake utaujazia wapi, Magugu?

Tukanunua Prius ya 2010, injini ya 1.8, nyeupe. Na mume wangu, pamoja na yote hayo, alifika Dongobesh akatangaza kwa majirani kwamba ni gari la umeme. Nikanyamaza. Mwanaume na gari jipya unampa siku mbili tatu.

Nilifurahia sana barabara. Kutoka Dareda unapoanza kuukwea ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Bashnet, ile betri ndogo inakwisha mapema kabisa, injini inanguruma kama ya mtu mwingine yeyote. Raha iko wakati wa kushuka. Mteremko ule unaijaza betri mpaka juu, na ikishajaa, gari halina tena pa kuweka nguvu inayookotwa. Hapo ndipo utaona herufi B kwenye gia. Ukiiweka, injini inasaidia kulishika gari, breki zako hazichomeki. Mume wangu aliteremka mara tatu akidhani B ni ya kurudi nyuma. Sikumcheka, mimi nilidhani ni ya betri.

Kilichotupata kwanza kilikuwa cha aibu. Asubuhi moja Katesh, siku ya gulio, tunataka kwenda kanisani Babati, gari halikuwaka. Dashibodi nyeusi. Wakaja vijana wanne, "Anko, tunalisukuma, litawaka tu!" Wakasukuma, likakataa hata kusogea. Wakaongezeka sita. Watu wanatazama, na mmoja akasema kwa sauti, "Si la umeme hilo? Limeishiwa uniti." Mume wangu akageuka rangi.

Haibridi haisukumwi, msomaji wangu, weka hilo moyoni. Ina betri mbili. Ile kubwa ya kuendeshea, na nyingine ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote, ambayo ndiyo inayoamsha kompyuta. Ndogo ikifa, kubwa haiamki hata ingekuwa imejaa, na gia inabaki imejifunga kwenye P. Kumbe mimi usiku ule nilikuwa nimeacha taa ya ndani inawaka nikitafuta hereni. Fundi umeme wa magari alikuja na waya, akafungua boneti, akaunga kwenye kituo kilichopo ndani ya boksi la fyuzi, sekunde chache neno READY likawaka. Akatuonya pia: zile nyaya za rangi ya chungwa humo ndani zina volti za kuua, asiziguse fundi asiyezijua, hata awe rafiki yako wa chipukizi.

Njiani tuligombana. Si kwa sababu ya taa. Aliniambia, "Umeniaibisha mbele ya watu," nikamwambia, "Umejiaibisha mwenyewe na hilo umeme lako." Kisha yakatoka ya zamani: kwa nini nilikubali Leaf bila kuuliza, kwa nini yeye alileta kitu asichokijua akajifanya bingwa. Akaegesha gari kabla ya Endasak. Akasema, taratibu, kwamba ile Jumapili ya tope alitembea mji mzima akitafuta simu yenye chaji ili aniambie yuko hai, na toka siku ile alitaka anipe kitu kisichoshindwa. Ndiyo maana hakutaka kusema "sijui". Kanisani hatukufika. Tulikaa pale, magari yanatupita, na mimi nikamwambia kuhusu zile picha nilizozikuza.

La pili lilitokea miezi michache baadaye, na hili hata fundi alicheka. Mama mkwe alitujazia gunia la vitunguu swaumu, akaliweka mwenyewe kiti cha nyuma, akaliegemeza vizuri pembeni. Tumefika karibu na Magugu, joto la bondeni hilo, ikawaka pembetatu yenye alama ya mshangao, gari likaanza kuzubaa. Nikawaza betri imekufa, na bei ya betri nzima naijua, inaumiza.

Ilikuwa ni hewa. Betri ya Prius iko nyuma ya kiti cha nyuma, na pembeni ya kiti kuna tundu lenye wavu ambalo feni inavutia hewa ya ndani ya gari ili kuipooza. Gunia lilikuwa limeziba pale pale. Na tulipolipeleka kwa fundi, alitoa ile feni akatuonyesha: vumbi la Dongobesh limeganda kwenye mapezi yake kama blanketi. Akalisafisha, taa haikurudi. Tangu hapo feni inasafishwa kila tunapobadilisha oili, madirisha yanafungwa kwenye vumbi, na mizigo ya mama inakaa kwenye buti, yeye akisimamia.

Je, ni gari zuri kwa kule? Nitakuwa mkweli. Kwenye lami, Arusha hadi Katesh linakula kama lita 13. Petroli ikiwa karibu 3,000, ni kama shilingi 39,000, na Noah ya shemeji yangu inakula mbali zaidi ya hapo. Lakini liko chini. Ukitoka kwenye lami wakati wa mvua, Bashnet kule, unasikia kila jiwe likikusalimia tumboni. Shemeji na Noah yake anatupita akipiga honi.

Kinachonifurahisha ni kwamba Ijumaa zetu zimerefuka. Natoka kazini saa tisa na nusu, kabla ya saa mbili usiku niko Katesh, ugali uko mezani na mume wangu yuko mlangoni na tochi, maana bwawa la Julius Nyerere na megawati zake 2,115 ni kitu kimoja, na nguzo ya mtaani kwenu ikianguka ni kitu kingine. Hilo nalo ni la kufikiria kwa anayetaka gari la kuchaji usiku.

Yeye hajakata tamaa. Anasema sasa tuna la safari, lifuate la mjini: yeye kazini ni kilomita nne tu, mita ya LUKU iko ukutani, kwa nini asile uniti tatu kwa siku? Hesabu yake safari hii naiona inakaa. Juzi kanitumia picha ya Leaf nyingine, nyekundu. Nimemuuliza ina vistari vingapi. Bado hajajibu.